Kioo Kifuate Nyumba: Kuchagua Runinga kwa Kaya za Simiyu

Mhadhara wa wazi uliotolewa mjini Bariadi mbele ya walimu, mafundi, wafanyabiashara na wanaushirika



Mada niliyopewa ni aina za vioo vya runinga na namna ya kuchagua inayofaa nyumbani. Huenda yupo anayejiuliza kama jambo hili linastahili mhadhara. Kwangu linastahili sana. Katika kaya nyingi za mkoa huu, runinga ni miongoni mwa vifaa vya bei kubwa vilivyomo sebuleni. Hununuliwa mara moja ikatazamiwa kudumu miaka, mara nyingi baada ya pamba kuuzwa, na fedha hiyo ingeweza kuwa ada ya mtoto, bati za nyumba au ndama. Mtu akinunua isiyomfaa, hasara anaiona kila jioni.

Madhumuni yangu ni kumwezesha kila aliyemo humu aingie dukani akijua anachokitafuta. Hoja kuu naitaja mapema ili mnipime nayo: anza na nyumba yako, kioo kifuate. Mwanga wa sebule, mahali watazamaji wanapokaa, matangazo unayopokea na umeme unaoingia ndani, hivyo vinne ndivyo vinavyoamua aina ya runinga. Maandishi ya kwenye boksi yasomwe baada ya hapo.

Turudi nyuma kidogo. Zanzibar ilianza kurusha televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikazitangulia nchi nyingi za Afrika. Bara tulisubiri hadi 1994, vituo binafsi kama ITV vilipoingia hewani. Runinga za siku hizo zilikuwa za chogo. Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, Mwanza ikafuata mwaka 2013, na king'amuzi kikawa kifaa cha lazima. Mkoa wetu wa Simiyu nao ulianzishwa mwaka huohuo wa 2012. Kwa hiyo mkoa huu umekua sambamba na runinga bapa: chogo likiondoka, umeme wa Wakala wa Nishati Vijijini (REA) ukisogea vijijini, ving'amuzi vikienea. Mambo hayo matatu yalitufikia kwa pamoja, na tulianza kununua kabla ya kufundishana. Somo tulilolikosa ndilo tunalolifidia leo.

Hoja ya kwanza: Tujue kioo kinavyofanya kazi, tusidanganywe na jina

Nianze na chogo, kwa sababu wengi wetu macho yetu yalizoezwa nalo. Ndani ya chogo mna bomba la kioo ambalo msingi wake ulibuniwa na Mjerumani Karl Ferdinand Braun mwaka 1897. Elektroni hurushwa kutoka nyuma, zikagonga kioo kilichopakwa fosfa, nayo ikang'aa. Kwa kuwa mwanga ulizaliwa palepale kwenye kioo, aliyekaa pembeni kabisa aliona sawa na aliyekaa katikati. Lishikeni jambo hilo, tutalihitaji.

Kisha ikaja LCD. Kioo hiki kina fuwele za kimiminika, na fuwele hizo hazitoi mwanga wowote. Kazi yake ni kufungua na kufunga njia ya mwanga unaotoka kwenye taa zilizo nyuma. Zamani taa hizo zilikuwa mirija myembamba, jamii ya taa za tyubu. Siku hizi ni LED. Hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa sokoni: runinga inayouzwa kwa jina la LED ni LCD ileile iliyobadilishiwa taa. Taa hizo zinaweza kupangwa pembezoni mwa kioo, runinga ikawa nyembamba sana, au kutandazwa nyuma ya kioo chote. Zilizotandazwa kwa kawaida hueneza mwanga kwa usawa zaidi, ingawa runinga inanenepa kidogo.

LCD zenyewe zimegawanyika katika matabaka mawili makuu, na wauzaji wengi hawayataji. Tabaka la VA huziba mwanga vizuri, kwa hiyo weusi wake ni weusi kweli: sehemu nyeupe hung'aa mara 3,000 au zaidi kuliko sehemu nyeusi. Tabaka la IPS lina uwiano wa karibu mara 1,000 tu, hivyo gizani weusi wake huelekea kijivu. Lakini IPS hutazamika vyema kutoka pembeni, wakati VA hupauka mtu anapoondoka katikati. Hakuna lililo bora kwa kila nyumba.

QLED je? Hiyo pia ni LCD. Imeongezewa utando wa chembe ndogo mno ziitwazo nukta za kwanta, ambazo hugeuza mwanga wa taa kuwa rangi safi zaidi. Ni sayansi ya heshima; Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023 kwa kazi ya chembe hizo. Hata hivyo, taa za nyuma zimebaki palepale, na weusi unategemea taa hizo. Mini-LED ni hatua nyingine ya LCD: taa zinakuwa ndogo na nyingi mno, zimegawanywa katika makundi yanayoweza kufifishwa kila moja peke yake.

OLED ni jamii tofauti. Kila pikseli hutoa mwanga wake na kujizima yenyewe. Ching Tang na Steven Van Slyke wa kampuni ya Kodak walionyesha njia mwaka 1987. Sony ikauza runinga ya inchi 11 mwaka 2007, na LG ikaleta ya inchi 55 mwaka 2013. Weusi wa OLED ni giza kamili, na kutoka pembeni inaonekana vizuri kama lilivyokuwa chogo. Udhaifu wake ni bei, na hatari ya picha isiyohama kuacha alama ya kudumu. Nembo ya kituo, ubao wa magoli, mstari wa habari chini ya kioo: vikikaa palepale saa nyingi kila siku kwa miezi, pikseli zake huchakaa kuliko jirani zake.

Plasma naitaja ili muikwepe. Ilikuwa na picha nzuri, lakini ilikula umeme mwingi, na watengenezaji wakubwa waliacha kuitengeneza kufikia 2014. Ukiikuta kwenye mtumba kwa bei ya kuvutia, kumbuka kuwa vipuri vyake havitengenezwi tena.

Mkiondoa majina ya biashara, basi, makundi ni mawili: vioo vinavyotoa mwanga vyenyewe, na vioo vinavyochuja mwanga wa taa za nyuma. Muuzaji akikutajia jina jipya mwakani, muulize hilo tu: mwanga unatoka wapi?

Hoja ya pili: Pima mwanga wa sebule

Sebule zetu nyingi hufunguliwa mlango mchana kutwa, na jua la kiangazi cha Simiyu si la kubembelezana nalo. Kioo cha kung'aa kama kile kinachofunika OLED nyingi hurudisha taswira ya mlango na dirisha. LCD yenye mwanga mkali na uso usiong'aa hustahimili mchana kama huo kwa bei ndogo zaidi. Jaribio lake ni rahisi: zima runinga, kaa unapokaa siku zote, tazama kioo cheusi. Ukiuona mlango ndani yake, utauona pia katikati ya taarifa ya habari. Hamisha runinga kabla ya kufikiria kununua nyingine.

Kaya inayotazama zaidi usiku, taa zikiwa hafifu, ina mahitaji tofauti. Hapo VA hufanya vizuri, na mwenye uwezo wa OLED ataona thamani yake. Yule ambaye watoto wake hutazama mchana na wazazi usiku aangalie saa zipi ni nyingi zaidi, aamue kwa hizo.

Niseme neno moja kuhusu HDR, alama inayobandikwa karibu kila boksi. Maana yake ni kwamba runinga inapokea picha zenye mwanga na giza vilivyoachana sana. Kupokea ni jambo moja, kuonyesha ni jambo lingine. Runinga ndogo ya bei nafuu isiyo na mwanga wa kutosha huipokea picha hiyo na kuibana irudi ilikokuwa. Msilipie alama hiyo kwenye runinga za bei ya chini.

Hoja ya tatu: Hesabu watazamaji na walipokaa

Matangazo mengi ya runinga humwonyesha mtu na mwenzake wamekaa katikati ya kochi. Njooni sasa kwetu, siku ya mechi ya Simba na Yanga. Viti vimezunguka kuta tatu, watoto wako chini kwenye mkeka, majirani wamesimama mlangoni. Nusu ya watazamaji hawako mbele ya kioo. Kioo cha VA kinawapa hao picha iliyopauka, na wao hudhani runinga ni mbovu. Waliozoea chogo ndio hulalamika zaidi, na sasa mnajua sababu. Nyumba ya namna hiyo inafaa IPS au kioo kingine chenye pembe pana, hata kama weusi wake ni hafifu.

Urefu wa ukutani nao una kazi yake. Wengi tunaitundika juu ili watoto wasiifikie. Kutazama kutoka chini ni kutazama kwa pembe pia. Kama ni lazima ikae juu, iinamishwe kidogo kuelekea viti kwa mabano yanayokunjika.

Hoja ya nne: Umbali na matangazo ndivyo vinavyoamua inchi na pikseli

Inchi hupimwa kutoka kona hadi kona, kimshazari. Inchi 32 ni sentimita 81, inchi 43 ni sentimita 109, inchi 55 ni karibu sentimita 140. Kanuni inayosaidia ni kukaa umbali wa mara moja na nusu hadi mbili na nusu ya urefu huo. Inchi 32 inafaa mita 1.2 hadi 2, inchi 43 mita 1.6 hadi 2.7, na inchi 55 mita 2.1 hadi 3.5. Pimeni sebule kwanza.

Sasa pikseli. Full HD ina pikseli 1,920 kwa 1,080, yaani milioni mbili na ushee. 4K ina 3,840 kwa 2,160, zaidi ya milioni nane. Mara nne ni nyingi, lakini jicho lina kikomo. Kwenye runinga ya inchi 43, jicho la kawaida likivuka mita 1.7 huanza kushindwa kutofautisha 4K na Full HD. Kwenye inchi 55 kikomo hicho ni mita 2.2 hivi. Walimu wa hisabati na fizikia mlioko hapa mnaweza kulifanya hili darasani kwa futi kamba na pembetatu. Isitoshe, sehemu kubwa ya vipindi tunavyopokea kwenye ving'amuzi haijafikia 4K, na runinga haiwezi kuumba undani ambao kamera haikuuchukua.

Mpira una swali lake: je, kioo cha hezi 120, yaani kinachobadilisha picha mara 120 kwa sekunde, kitaondoa mkia wa mpira unaokwenda kasi? Matangazo ya kwetu hayazidi picha 50 kwa sekunde, kwa hiyo kioo cha hezi 50 au 60 kilichotengenezwa vizuri kinatosha kuyapokea. Zile namba kubwa za mamia zilizochapwa kwenye boksi mara nyingi ni hesabu za matangazo ya biashara, hazisemi kioo chenyewe kinabadilisha picha mara ngapi.

Hoja ya tano: Umeme ni sehemu ya bei

Bei ya runinga hulipwa dukani siku moja, kisha huendelea kulipwa kwenye mita ya umeme ya LUKU. Tufanye hesabu kwa saa tano kwa siku, siku 30. Runinga ya LED ya inchi 32 inayotumia wati 40 itakula uniti 6 kwa mwezi. Ya inchi 43 yenye wati 70 itakula uniti 10 na nusu. Ya inchi 65 yenye wati 160 itafikia uniti 24. Mteja wa nyumbani wa kundi la D1, ambalo mwisho wake ni uniti 75 kwa mwezi, atakuwa ameipa runinga peke yake karibu theluthi ya fungu lake la nafuu. Kwa bei zilizowekwa mwaka 2016, uniti za ndani ya fungu hilo zilikuwa Sh100 kabla ya kodi na tozo, na zilizozidi zilipanda zaidi ya mara tatu. Wati zimeandikwa nyuma ya runinga. Geuzeni, msome.

Wenzetu wa vijiji vya Meatu, Itilima na kwingineko wanaotumia sola wanahitaji hesabu makini zaidi. Runinga ya DC ya inchi 24 yenye wati 20, inayounganishwa moja kwa moja na betri ya volti 12, itatumia wati-saa 100 kwa saa tano. Betri ya risasi ya Ah 50 hubeba wati-saa 600, na ili idumu inafaa kutumia nusu tu, yaani 300. Kwa hiyo inabaki akiba ya taa na simu. Inchi 32 ya umeme wa kawaida ikipitia inveta, ambayo nayo hula chake, huelekea 250. Akiba inabaki ndogo, na huenda taa zikazimika kabla ya kipindi kwisha. Kwa nyumba ya sola, DC ndogo ni uamuzi wa busara wala si alama ya unyonge.

Umeme wa gridi una hatari yake: kukatika na kurudi kwa kishindo, na radi za masika. Kifaa cha kulinda kinachosubiri dakika chache kabla ya kuurudisha umeme ni gharama ndogo ukilinganisha na runinga. Radi ikianza, chomoeni waya wa umeme na ule wa ungo pia, kwa maana radi hupitia kote kuwili.

Na hili mafundi watalithibitisha: ugonjwa wa kawaida wa LED ni sauti kusikika bila picha. Mara nyingi kioo ni kizima, zilizokufa ni taa za nyuma, nazo hubadilishwa. Kinachoziua mapema ni joto la kuwashwa kwa mwanga wa juu siku zote. Shusheni mwanga wa nyuma hadi karibu nusu wakati wa usiku. Macho yatapumzika, uniti zitapungua na taa zitadumu. Kioo chenyewe kikipasuka ndipo matengenezo hayalipi, na kwa hiyo runinga isafirishwe imesimama, isilazwe kwenye keria ya bodaboda kutoka Lamadi hadi nyumbani.

Hoja ya sita: Dukani, mnunuzi ndiye mkaguzi

Dukani runinga huwekwa kwenye rangi kali na mwanga wa juu kabisa ili ivute macho. Omba iwekwe kwenye hali ya kawaida au ya sinema, kisha fanya mambo matano. Pima kioo kimshazari kwa futi kamba, usihesabu fremu. Kama imeandikwa 32 na kioo hakifiki sentimita 80, umeuziwa jina. Weka picha nyeupe tupu, kisha nyekundu, kijani na bluu, ukitafuta nukta zilizokufa. Picha hizo unaweza kuja nazo kwenye flashi. Weka nyeusi na uombe taa zizimwe, uone mwanga unaovuja kwenye kona. Sogea pembeni hadi mwisho wa chumba, kisha chuchumaa. Mwisho, washa king'amuzi kama kipo, kwa sababu video ya maonyesho imetengenezwa kuficha kasoro.

Dai risiti na waranti iliyoandikwa, na uliza kama taa na kadi za modeli hiyo zinapatikana Mwanza au Shinyanga. Runinga yenye vipuri karibu ina thamani kuliko jina kubwa lisilo na fundi. Kuhusu intaneti ya ndani ya runinga, programu zake huzeeka kabla ya kioo, na kisanduku cha nje huweza kuongezwa baadaye. Kama ni lazima kuchagua, fedha iende kwenye kioo.

Hitimisho

Ndugu Mwenyekiti, nitoe hukumu yangu bila kuzungukazunguka. Kwa kaya nyingi za Bariadi, Maswa, Busega, Itilima na Meatu zenye umeme wa gridi, inayofaa leo ni LCD yenye LED zilizotandazwa nyuma, inchi 32 hadi 43, ikiwa na IPS pale watazamaji wanapozunguka kuta na VA pale wachache wanapotazama usiku. Full HD inatosha kwenye inchi 43. 4K ianzie inchi 50 kwenda juu. Kwa nyumba ya sola, DC ndogo. OLED ni kioo kizuri kuliko vyote kwa mwenye sebule yenye kivuli na uwezo wa kulipa, ila haifai ofisi, hoteli wala duka linaloacha kituo kimoja hewani kutwa nzima.

Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zinaandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika. Runinga nyingi zitanunuliwa mkoani kwetu kabla ya hapo, na nyingine zitanunuliwa kwa pupa. Tuna muda wa kujiandaa. Nawaomba wafanyabiashara waandike wazi kwenye kila runinga tabaka la kioo, wati na vipimo kwa sentimita, wamruhusu mteja kukagua kabla ya kulipa. Nawaomba mafundi wawaeleze wateja namna ya kutunza taa za nyuma siku ya kufunga runinga, wasisubiri siku ya kuitengeneza. Walimu, ipelekeni hesabu ya wati na uniti darasani. Mtoto atakayeifanya nyumbani atamfundisha na mzazi. Na kila mwenye nyumba, kabla hujatoa shilingi moja, pima sebule, hesabu viti, soma LUKU yako, kisha ndiyo uende dukani.